Umeomba "pomaleji" na bado huelewi: kutafuta chanzo unapomwomba Mcheki aseme polepole

Mgeni anayeanza kujifunza Kicheki, lugha ya Jamhuri ya Cheki, baada ya salamu "dobrý den" na shukrani "děkuji", hufundishwa mapema namna ya kumwomba mtu aseme polepole zaidi. Ombi lenyewe ni fupi: "Mohl byste mluvit trochu pomaleji, prosím?" ukimwambia mwanamume, na "Mohla byste mluvit trochu pomaleji, prosím?" ukimwambia mwanamke. Kwa maneno hayo unamwomba mwenzako, kwa heshima, apunguze kasi kidogo. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili tumelikariri ombi hili tukalitumia dukani, kwa daktari na kwenye madirisha ya ofisi za Praha na Brno, na mara nyingi tumeondoka bila kuelewa zaidi ya tulivyoelewa tulipofika. Ombi hili hushindwa kwa namna kadhaa, kila namna ina dalili yake na chanzo chake, na anayetumia dawa moja kwa dalili zote ataendelea kuitikia "ano", ndiyo, kwa mambo ambayo hakuyaelewa.

Mwenzako hakuelewa hata ombi lenyewe

Umesema sentensi yako yote, naye anakunja uso na kusema "Prosím?", yaani anakuomba wewe urudie. Chanzo hapa ni matamshi, na kwa msomaji wa Kiswahili mkosaji wa kwanza ni herufi j. Katika Kicheki herufi hiyo husomwa kama y yetu ya "yai", kwa hiyo "pomaleji" hutamkwa "pomaleyi", na anayeisoma kwa j ya "jambo" anatoa neno ambalo Mcheki hajapata kulisikia. Herufi y nayo husomwa i, hivyo "byste" ni "biste".

Chanzo cha pili ni mkazo. Sisi huuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nao Wacheki huuweka kwenye silabi ya kwanza ya neno. Ulimi ukiachwa ufuate mazoea yake utasema "pomaLEyi", ilhali sikio la Mcheki linasubiri "POmaleyi". Urefu wa irabu hauhusiani na mkazo huo: ile í ya "prosím", tafadhali, huvutwa ingawa mkazo uko mwanzoni, na inafaa kujizoeza kutenganisha mambo hayo mawili, kwa sababu kwetu silabi yenye mkazo ndiyo inayovutika.

Kuna pia neno "mluvit", kusema. Mazoea ya "mlango" na "mlima" hutufanya tuisimamishe m peke yake kama silabi, tukapata "m-lu-vit", silabi tatu, wakati Kicheki kina silabi mbili na m inatoka pamoja na l kwa pumzi moja. Kinyume chake, katika "mohl" ile l ya mwisho ndiyo inayosimama kama silabi kamili, kama inavyosimama m ya "mtu". Kwa hiyo ulimi wetu unaijua kazi hiyo tayari, ila inahitajika mahali pengine. Jambo la kuepuka ni kuchomeka irabu ili neno lilainike: "mohuli" na "purosimu" haviwasaidii wasikilizaji.

Mwisho kuna kiimbo. Ukisema "Můžete mluvit pomaleji" kwa sauti inayoshuka mwishoni, umetoa taarifa kwamba mwenzako anaruhusiwa kusema polepole. Ni sauti inayopanda mwishoni ndiyo inayoifanya kuwa swali, na swali ndilo linaloifanya kuwa ombi.

Anakujibu kwa Kiingereza

Dalili hii huwaumiza wanafunzi wenye bidii kuliko nyingine zote, na mara nyingi anayejibu hivyo anadhani anakusaidia. Chanzo cha kawaida ni kwamba ulitanguliza neno "Nerozumím", sielewi, ukanyamaza kidogo ukitafuta sentensi inayofuata. Katika kimya hicho yeye amekwisha kuamua kwamba hujui Kicheki kabisa. Badili mpangilio: anza na kile unachokiweza. "Učím se česky" maana yake ninajifunza Kicheki, na "Rozumím vám, když mluvíte pomalu" maana yake ninakuelewa ukisema polepole. Sentensi hii ya pili naipenda kuliko ombi lenyewe, kwa sababu inamwambia mtu kwamba juhudi yake ya kupunguza kasi itakuwa na faida, na watu huchoka upesi wakiona juhudi yao inapotea. Akiendelea na Kiingereza, mwanamume aseme "Chtěl bych mluvit česky" na mwanamke aseme "Chtěla bych mluvit česky", yaani ningependa kuzungumza Kicheki.

Ni vizuri kukumbuka kwamba Mwafrika anayezungumza Kicheki si jambo geni katika nchi hiyo. Kati ya mwaka 1961 na 1974 Praha ilikuwa na Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kilichopokea wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na leo vyuo vikuu vya umma havitozi ada kwa masomo yanayofundishwa kwa Kicheki, hata kwa mgeni. Una haki ya kuendelea kujaribu, na kulisema hilo kwa upole si kumkosea mtu adabu.

Anarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi

Kasi ni ileile, sauti imepanda, na watu wote kwenye foleni wamegeuka kukutazama. Jiulize umesema neno gani. Kenya na Kongo, na hata mahali pengi kwingine, tunasema mtu "anasikia" lugha fulani tukiwa na maana kwamba anaielewa, na mazoea hayo hutusukuma kusema "Neslyším". Kwa Mcheki neno hilo linahusu masikio tu: sauti haikufiki. Basi amekutendea kama ulivyomwomba, amepaza sauti. Neno la kuelewa ni "rozumět", na baada ya jambo kupita mwanamume husema "Nerozuměl jsem" na mwanamke "Nerozuměla jsem".

Hata "Prosím?" ina mipaka yake. Ni njia ya adabu ya kumwomba mtu arudie, na ni bora mara kumi kuliko "Co?", ambayo kwa mtu usiyemzoea ni ukali. Lakini inaomba marudio tu bila kusema namna ya kurudia. Ukitaka vyote viwili, viombe vyote viwili: "Ještě jednou a pomaleji, prosím", mara moja tena na polepole zaidi.

Uso unabadilika, majibu yanakuwa makavu

Mara nyingi umekosea daraja la heshima bila kujua. Kicheki kina "ty" kwa rafiki, ndugu, mtoto na mwanafunzi mwenzako, na "vy" kwa mtu usiyemfahamu, mkubwa wako, daktari au karani. Kiswahili kina "wewe" kwa wote, na heshima tunaibeba kwa shikamoo, kwa kumwita mtu mzee, mama au mwalimu, na kwa "naomba" na "tafadhali". Msemaji wa Kiswahili hana upungufu wa adabu hata kidogo, ila adabu yake inakaa mahali ambapo Kicheki hakiitafuti. Kicheki kinaitafuta ndani ya kitenzi. "Můžeš mluvit pomaleji?" kwa karani wa makamo ni kumkaribia kupita kiasi, hata ukiongeza tabasamu na "prosím" tatu.

Kuna mtego mdogo ndani ya mtego huu. Mtu akishajua kwamba "vy" ni wingi wa heshima, huenda akafanya kitenzi kizima kiwe wingi na kumwambia daktari mmoja "Mohli byste". Hilo ni kosa: sehemu ya "byste" ni ya wingi, lakini "mohl" au "mohla" hubaki katika umoja na hufuata jinsia ya unayemwambia. "Mohli byste" ni ya kundi la watu, kwa mfano wenzako watatu wanaozungumza kwa pamoja mezani. Kwetu hakuna kitenzi kinachouliza kama msikilizaji ni mke au mume, kwa hiyo kosa la kumwambia mama mtu mzima "mohl" hutokea kila siku. Wacheki hulisamehe haraka kwa mgeni, ila ni vema usilizoee.

Kitu kinachotufaa sana, kwa kuwa kinafanana na desturi yetu ya kumtaja mtu kwa cheo chake, ni mwito. Kicheki kina umbo maalumu la jina linalotumika wakati wa kumwita mtu: "pane doktore" kwa daktari mwanamume, "paní doktorko" kwa daktari mwanamke, "pane profesore" kwa mwalimu wa chuo, "paní učitelko" kwa mwalimu wa kike wa mtoto wako. Anza na mwito huo, kisha ombi: "Paní doktorko, mohla byste mluvit trochu pomaleji, prosím?" Katika ukumbi wa mihadhara, hata hivyo, ushauri wangu ni kumfuata mhadhiri baada ya kipindi badala ya kumkatiza mbele ya watu mia, na kumwambia mapema kwamba unajifunza lugha.

Amri yenye "prosím" ndani yake, yaani "Mluvte prosím pomaleji", inakubalika kabisa na husikika kila mahali. Neno "Pomalu!" likiwa peke yake ndilo linalokwaruza, kama ambavyo "Polepole!" ingekwaruza kwetu ikitoka kwa mgeni. Ukitaka kulainisha zaidi, tumia ukanushi: "Nemohl byste mluvit trochu pomaleji?" Anayefikiri kwa Kiswahili husita hapa, kwa sababu "huwezi kusema polepole?" kwetu ina harufu ya lawama. Kwa Kicheki, ikisemwa kwa sauti laini, ukanushi huo unamwachia mtu nafasi ya kukataa, na nafasi hiyo ndiyo adabu yenyewe.

Anapunguza kasi kwa sentensi moja, kisha anarudi alikokuwa

Hili si dharau. Mtu anayeongea lugha yake haangalii kasi, anaangalia anachotaka kusema, na mara tu mawazo yakimchukua hurudi kwenye mwendo wake wa kila siku. Kumwomba upya kila baada ya dakika kunachosha pande zote mbili. Kinachosaidia ni kumpa alama njiani: "ano, rozumím" unapoelewa, na "Takhle je to výborné, děkuji", hivi ni vizuri sana, mara anapopunguza. Mtu akijua ni kasi gani iliyokufaa huweza kuikumbuka. Ukipotea, usisubiri hadi mwisho wa hadithi. Inua kiganja kidogo useme "Poslednímu slovu nerozumím", neno la mwisho silielewi. Ukitaja mahali pa kukwama, atarudi pale badala ya kuanza yote upya kwa haraka ileile.

Anasema polepole kabisa na bado huelewi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa wanaona wamepewa walichoomba na tatizo limebaki kwao. Ukweli ni kwamba waliomba kitu kisichokuwa tiba, na vyanzo vyake vinafaa kuangaliwa kwa makini.

Cha kwanza ni mipaka ya maneno. Katika Kiswahili mkazo unatuambia kwamba neno linakaribia kwisha, imebaki silabi moja. Sikio lililolelewa hivyo hukata neno baada ya mkazo bila hata kufikiri. Katika Kicheki mkazo unatangaza kwamba neno limeanza, na mara nyingi kihusishi kifupi kilicho mbele ya nomino ndicho kinachobeba mkazo wa vyote viwili: "do Prahy", kwenda Praha, husikika kama neno moja, "DOprahy". Kwa hiyo sisi tunakata mahali ambapo siyo, na maneno tunayoyajua vizuri kwenye karatasi yanapita kama wageni. Mazoezi ya siku chache ya kusikiliza redio bila kutafuta maana, ukigonga meza kwa kidole kila unaposikia mkazo, yalinifaa mimi kuliko orodha yoyote ya msamiati. Ukiishi Ostrava utaona tofauti ya kushangaza: lafudhi ya huko hufupisha irabu na kupeleka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Wacheki wengine husema watu wa Ostrava wana "krátký zobák", mdomo mfupi. Kwa sikio la Kiswahili mkazo huo ni kama nyumbani.

Cha pili ni kwamba lugha ya kitabuni na lugha ya Praha ya kila siku hazilingani. Kitabu kinafundisha "dobrý", mtaani ni "dobrej". Kitabu kina "okno", dirisha, mtaani utasikia "vokno". "Být", kuwa, hugeuka "bejt". "Mléko", maziwa, huwa "mlíko". Na "s dobrými lidmi", pamoja na watu wema, huwa "s dobrejma lidma". Namna hii ya kusema huitwa "obecná čeština", imeenea Bohemia, yaani magharibi mwa nchi, na watu wenye elimu huitumia bila aibu nyumbani na kazini. Mtu akiitamka polepole inabaki ileile. Ombi sahihi ni "Můžete to říct jinak?", unaweza kusema kwa namna nyingine, au "Můžete to říct jednodušeji?", kwa wepesi zaidi. Kwa kawaida mtu akiombwa hivyo huhamia mwenyewe kwenye lugha iliyo karibu na ya vitabu.

Cha tatu ni tarakimu. Ishirini na tano huweza kuwa "dvacet pět", inayofuata mpangilio wetu, au "pětadvacet", ambayo hutanguliza tano. Anayeandika huku akisikiliza huandika 52. Saa ni hatari zaidi: "půl deváté", nusu ya tisa, ni 8:30, na kwetu sisi ni saa mbili na nusu, kwa hiyo kichwa kinapaswa kuvuka nusu saa na pia zile saa sita za tofauti kati ya hesabu yao na yetu. Nimewahi kufika saa nzima baada ya miadi kwa sababu hiyo, na aliyeniambia saa alikuwa ametamka taratibu na kwa uwazi. Katika kodi, bei, saa na namba za vyumba, usiombe polepole, omba "Můžete mi to napsat?", unaweza kuniandikia?

Na kuna kineno "no". Wacheki hukitumia kwa maana ya ndiyo, ya "enhe", ya kuitikia tu. Mwenye mazoea ya Kiingereza husikia hapana mara tano katika dakika moja, akaondoka akidhani amekataliwa, wakati amekubaliwa.

Kwenye simu

Simu huondoa midomo, mikono na uso, na tena hujui atakayepokea ni mwanamume au mwanamke. Tayarisha ombi lisilotaja jinsia na ulitoe mwanzoni kabisa, kabla kasi haijaanza: "Dobrý den, mluvím česky jen trochu. Bylo by možné mluvit pomaleji?" Maana yake ni kwamba unazungumza Kicheki kidogo tu, na unauliza kama ingewezekana mazungumzo yaende polepole. "Bylo by možné", ingewezekana, haibadiliki kwa mke wala mume, na ni ya heshima ya juu. Taarifa ikiwa ndefu, omba waiandike kwa barua pepe. Katika dharura acha sarufi: piga 155 kwa gari la wagonjwa au 112, taja mahali kwanza.

Dukani, na mahali ambapo ombi halifai

Kwenye kaunta ya malipo sioni faida ya kuomba polepole. Maswali ni machache na hayabadiliki: una kadi ya duka, "Máte kartičku?", utalipa kwa kadi au taslimu, "Kartou, nebo hotově?", unataka risiti, "Chcete účtenku?". Yajue hayo matatu, na foleni itakwenda.

Ofisini ni tofauti. Tangu Septemba 2021 anayeomba ukaazi wa kudumu hupimwa Kicheki kwa kiwango cha A2, ngazi ya pili ya ujuzi wa lugha, badala ya A1, ngazi ya kwanza, na baadhi hudhani kwamba mwenye cheti hicho hapaswi tena kuonekana akiomba msaada. A2 ni lugha ya kununua mkate na kueleza familia yako. Haitoshi kufuata maelezo ya kisheria yanayosomwa kwa haraka dirishani. Omba polepole bila haya, kwa "vy" na kwa mwito, na urudie kwa maneno yako ulichoelewa ili karani akusahihishe. Jambo likifikia kutia saini karatasi inayogusa ukaazi, mtoto au fedha, kasi ya msemaji haina uzito tena. Sheria ya taratibu za utawala, namba 500 ya mwaka 2004, inampa asiyemudu Kicheki haki ya kuwa na mkalimani aliyesajiliwa, ingawa kwa kawaida mgeni aliyeleta maombi humlipia mwenyewe. Sentensi ya kusema hapo ni "Potřebuji tlumočníka", nahitaji mkalimani, na isemwe kabla ya kalamu kushikwa.